Ubavu wa Kulia

Jumatatu, 14 Julai

Sare za shule bado. Sketi zimekwisha, mashati yamebaki kola. Ovaroli ya shemeji Hamisi nayo imo kwenye foleni, sijui ya nini, yeye na kazi ya kuchafuka wapi na wapi. Asubuhi nimeshona, mchana nimeiacha cherehani nikaenda uani kwa Kobe.

Kobe ni gari langu. Jina hilo lilitolewa na watu wa hapa Tandika kabla halijawa hata na magurudumu. Walisema likitembea litatembea kama kobe. Sawa. Linatembea.

Nimebadilisha mpira wa dirisha la nyuma, ule wa zamani ulikuwa unavujisha. Nimepaka gundi, nimebana na vibanio vya nguo. Fundi Maiko amepita kuchukua grenda yake ya kukatia bati. Maiko anachomelea mageti, mtu wa Singida, kibanda chake kiko mkabala na msikiti. Kila nilichokata kwenye Kobe, yeye ndiye aliyekichomelea. Mimi naogopa cheche za kuchomelea. Yeye akikata bati utadhani anakata mkate. Tunafaana. Amelizunguka, amesema, "Dada, hili gari sasa limeiva." Maiko hasifu ovyo. Nimefurahi mchana kutwa.

Limeiva kweli. Injini ya bajaji, usukani kutoka gari bovu, fremu ya mabomba ya mageti, bodi ya bati bapa. Hakuna aliyenifundisha. Niliifungua bajaji ya marehemu kaka yangu, nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka nikaelewa. Bodi niliikata kama ninavyokata gauni. Napima, nachora paterni kwenye karatasi za mifuko ya saruji, naacha akiba ya mshono, nakunja pindo. Bati ni kitambaa kibishi, basi.

Alhamisi, 17 Julai

Hamisi amekuja kuchukua ovaroli yake. Ni mdogo wa mume wangu. Maneno matamu, viatu visafi. Kazi yake sijawahi kuielewa: leo dalali wa vyumba, kesho mshereheshaji wa harusi. Ameivaa palepale, amejitazama kwenye kioo mbele na nyuma.

Kisha ameomba Kobe. Kuna harusi ya rafiki yake Jumamosi, bwana na bibi harusi wapande, itapendeza. Nilitaka kukataa. Baba Zuhura akadakia kabla sijafungua mdomo: mpe bwana, ni mdogo wangu. Nimempa. Nimemwonyesha gia, breki, namna ya kurudi nyuma. Alikuwa anaitikia huku anajipiga picha.

Jumapili, 20 Julai

Kobe halijarudi. Hamisi amesema kwenye simu harusi imefana, gari limependwa, atalileta kesho.

Mashati yamekwisha. Mgongo unauma.

Jumatano, 23 Julai

Nina hasira. Naandika hivyohivyo.

Binti yangu Zuhura, aliyeolewa Tanga, amenitumia video. Chini ameandika: Mama, huyu si wewe?

Ni hizi tivii za mtandaoni. Hamisi yuko Mwenge, mbele ya maduka ya vinyago, ameegemea Kobe. Amevaa ovaroli niliyoishona mimi. Haina hata tone la grisi. Anasema gari hili aliliota. Aliota! Anasema alianza na sufuri, watu walimcheka, hakukata tamaa. Maneno yangu hayo. Niliyasema mimi, kwenye mkeka wangu, yeye akiwa anakula ubwabwa wangu.

Kisha wameweka kipande alichojirekodi uani kwetu mwaka jana. Amechuchumaa kando ya gurudumu, ameshika spana utadhani ameshika kijiko. Nyuma napita mimi na birika. Mtangazaji anauliza, na huyu mama ni nani? Hamisi anacheka. "Huyo shemeji yangu, mleta chai wetu. Bila yeye tusingefika."

Mleta chai.

Nimeirudia mpaka simu imeisha chaji.

Baba Zuhura aliporudi kazini nikamwonyesha. Ameitazama yote, amesema, "Si gari la familia hilo, Mama Zuhura? Jina la Hamisi ni jina letu sote." Nimempakulia chakula, mwenyewe sikula. Hamisi namchukia. Mume wangu leo simpendi.

Ijumaa, 25 Julai

Nimeandika chini ya ile video. Gari ni langu, nimelitengeneza mimi, nipo Tandika. Wamenijibu watu nisiowajua. Mmoja: mama rudi jikoni. Mwingine: mtu akifanikiwa tu shangazi zake wanaongezeka. Huyo amechekewa sana. Hamisi naye amejibu, tena kwa adabu: "Nampenda sana shemeji yangu, ana utani huyu!" Na vikopa vyekundu.

Saluni wanawake wananipongeza. Hongera, shemeji yako amewatoa kimasomaso. Nimesema ahsante. Ningesema nini, na dada wa watu ameshika nywele zangu?

Nimewaza sukari kwenye tangi. Nimewaza misumari. Nimewaza breki, hapo nikajishtukia, nikaomba toba. Sitaki maiti. Nataka aibu. Ile aibu inayomfuata mtu mpaka sokoni anakonunua nyanya.

Jumanne, 29 Julai

Nimelifuata Kobe mwenyewe. Hamisi amelificha kwake Buza, turubai juu, kufuli kwenye usukani. Eti kwa usalama, sasa ni gari maarufu. Wiki iliyopita limebebwa juu ya lori la fuso mpaka Msasani, kwenye mgahawa, wenye pesa zao wakapiga nalo picha. Wamevikalia viti. Viti nimevivalisha kitenge changu cha Idi, cha kimoja kimemwagiwa kitu chekundu.

Nikamwambia nataka gari langu. Akasema, "Shemeji tulia, mambo yanakuja makubwa, na wewe umo." Akanipa soda. Nikainywa. Nilikuwa na kiu. Tangu nirudi najilaani kwa kuinywa.

Jumamosi, 2 Agosti

Hayo mambo makubwa nimeyajua. Mzee Nassor wa duka la mabati, Kipawa, ameiona video. Waarabu wa siku nyingi wale, duka la babu yao, nusu ya mapaa ya huku yametoka kwao. Anataka Hamisi atengeneze gari la pili, kwenye ua wa duka, watu wakishuhudia na kamera zikiwaka. Bati anatoa yeye, lile jekundu lililopakwa rangi upande mmoja. Gari likisimama, Hamisi anapewa banda nyuma ya duka. Banda la kutengenezea magari. Umeme, sakafu ya saruji, mlango wa kufunga.

Mimi nakata bati juu ya mkeka. Mvua ikija naingiza kila kitu chumbani, nalala na mabomba. Banda kama lile nimeliota miaka. Hapana. Hamisi ndiye anayeota. Mimi nimelitaka.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimevaa baibui langu zuri, nimekwenda Kipawa.

Mzee Nassor amenipokea vizuri. Nimemwamkia, ameniketisha, ameagiza kahawa. Nimemweleza kila kitu toka bajaji ya kaka yangu. Amesikiliza mpaka mwisho, si mtu wa kumkatiza mwenzake. Nilipomaliza akasema kwa upole, "Haya mwanangu, nimekuelewa. Shemeji yako ameshaniambia. Viti umeshona wewe. Kazi safi sana."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kikombe chake. Hamisi alishanitangulia, kila tundu ameziba. Amenipa viti ili asinipe gari.

Nimerudi nyumbani sikumbuki nimepitia wapi.

Alhamisi, 7 Agosti

Hamisi amekuja na halua. Amekaa. Amesifia mchuzi, amemsifia kaka yake, amemsifia mpaka paka wa jirani. Nikajua huyu ana shida. Ikatoka: "Shemeji, zile karatasi zako za mifuko ya saruji si bado unazo? Vipimo mie ninavyo kichwani, ila nataka tu kulinganisha."

Kichwani.

Baba Zuhura alikuwa ananitazama, anangoja niwake. Sikuwaka. Moyo ulitulia ghafla, vidole vikawa vya baridi, vile ninavyokuwa nikishika mkasi juu ya kitambaa cha mtu ambacho hakina kingine. Nikasema, "Chukua zote, shemeji."

Nimemletea zote. Boneti, paa, sakafu, ubavu. Boneti na paa ni kamili, nilishaziunga zamani. Ubavu upo mmoja tu. Wa kulia. Ndivyo tunavyofanya sisi wa cherehani. Mwili una pande mbili, unachora upande mmoja. Ukishakata wa kwanza unaigeuza karatasi, unakata wa pili. Hatuandiki juu yake "geuza", kama usivyoandika kwenye sufuria "tia maji". Kila mwanafunzi wa ushonaji ana siku anashona shati lenye mikono miwili ya kulia. Anachapwa kwa rula, anachekwa, harudii tena.

Sikumdanganya. Sikupunguza kipimo wala kufuta mstari. Nimempa kitu anachosema alikitengeneza mwenyewe. Aliyekitengeneza anajua kinavyotumika.

Baba Zuhura amenishika bega. Amesema nina moyo mkubwa. Nimekula halua yote peke yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Nilimsahau Maiko. Hamisi amemchukua kwenda kuchomelea Kipawa, na Maiko anajua. Bodi ya Kobe tuliikata wote. Nilipogeuza karatasi mbele yake mara ya kwanza alishangaa, akasema kumbe nguo na gari ni ndugu.

Amekuja leo kunieleza, uso chini. Watoto wanasoma, dada, kazi ni kazi. Nimemwambia aende, hana kosa. Nilitaka kumwomba anyamaze. Nikajizuia. Nikimwomba, itakuwa njama yangu. Nisipomwomba, ni kazi ya Hamisi mwenyewe.

Alipofika mlangoni akageuka. "Zile karatasi umempa zote?" Zote. "Na umemwelekeza?" Nikasema, "Vipimo viko kichwani kwake." Maiko akanitazama sana, kisha akaenda zake.

Sijui ameelewa nini. Roho haitulii.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeshona zipu ya mteja ndani nje. Nimeifumua.

Kuna saa nawaza nimpigie Hamisi nimwambie, shemeji, karatasi ile unageuza. Basi, yaishe. Kisha nafungua ile video, naona birika langu linapita, na hasira inarudi kukaa mahali pake. Naitazama kila siku sasa, kama dawa baada ya chakula.

Jambo jingine nimelifikiria nikiwa nimetulia kabisa. Hamisi akiumbuka, banda halitakuja kwangu. Litakwenda na maji. Najua. Siwezi kusema sikujua. Afadhali lisiwe la mtu kuliko kumwona yeye anafungua ule mlango.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimevaa gauni la zambarau. Tumekwenda pamoja, mimi na Baba Zuhura. Kwa Mzee Nassor kumejaa: maturubai, viti vya plastiki, spika inapiga singeli, vijana wa tivii na simu zao juu ya vijiti. Hamisi yumo ndani ya ovaroli yangu. Nimemwona nyuma ya fuso anajipaka grisi mashavuni kwa kidole. Kushoto kidogo, kulia kidogo. Hapo pakanichekesha.

Akaniona. "Shemeji! Wageni hawajapata chai jamani, si unatujua!" Chupa zilikuwa mezani tayari. Nikashika moja. Sikuona vibaya hata chembe. Nilitaka kuwa karibu.

Fremu Maiko alishaichomelea tangu juzi, imesimama, imepakwa rangi nyeusi. Leo ilikuwa zamu ya bodi. Bati jekundu likalazwa chini, Hamisi akatandika karatasi yangu juu yake. Naijua kila kona, mpaka doa la mafuta ya maandazi. Akachora kwa chaki, taratibu, huku anaeleza kwenye kipaza sauti namna alivyobuni. Kisha akamwambia Maiko, "Kata mbili. Kunja pindo zote, gonga tumbo litokeze nje, halafu tunazipandisha kwa mpigo. Watu wapagawe."

Maiko alisimama na grenda mkononi. Akamtazama Hamisi. Akanitazama mimi, pale kwenye chai. Nilikuwa namimina kikombe cha mama mmoja. Sikumwaga.

"Mbili hivihivi, bosi?"

Hamisi akacheka kwenye spika. "Kwani ulishaona gari la ubavu mmoja?" Watu wote wakacheka naye. Maiko akavaa miwani yake ya kazi, akakata mbili hivihivi.

Kukunja na kugonga kulikwenda mpaka adhuhuri. Bati likiwa bapa unaweza kuligeuza utakavyo. Likishakunjwa pindo na kutolewa tumbo, limekwisha kuamua ni la upande gani. Watu wakaenda kuswali, wakala pilau, wakarudi. Vijana wakabeba ubavu wa kwanza wakaupandisha kulia. Ukakaa. Ukakaa vizuri mno, hata mimi niliyekuwa na nia mbaya nikasikia raha. Makofi. Wakabeba wa pili, wakaupeleka kushoto.

Mlango ukaangukia nyuma. Nafasi ya gurudumu la mbele ikawa nyuma. Wakaushusha, wakauzungusha. Sasa mlango uko mbele lakini tumbo limebonyea ndani, rangi nyekundu inaangalia viti, nje bati jeupe tupu. Wakazungusha tena. Hamisi akawafokea, akashika mwenyewe, akazungusha mwenyewe. Mtu akazima muziki. Halafu mama wa pembeni, na kikombe changu mkononi, akasema, "Mbona hili gari linajikumbatia?" Uani pote wakaangua kicheko.

Mzee Nassor hakucheka. Alimsogelea Hamisi, akamuuliza kwa upole uleule wa siku ile, "Lile la kwanza ulifanyaje?"

Hamisi akafungua mdomo. Tangu niolewe kwao, ndiyo mara ya kwanza mdomo ule kufunguka pasitoke kitu. Jasho linashuka juu ya ile grisi ya kujipaka. Akazungusha macho, akaniona.

"Shemeji. Njoo kidogo, shemeji."

Simu zote zikanigeukia.

"Mie mleta chai tu, shemeji," nikasema. "Nikuongeze sukari?"

Naandika hapa nisije kusahau nilivyojisikia. Nilijisikia vizuri. Vizuri sana. Mungu anisamehe, ila si leo.

Jumapili, 17 Agosti

Video mpya imezagaa. Zuhura amepiga simu anacheka mpaka analia. Kisha mama mkwe amepiga kutoka Kisarawe, yeye analia kweli, mwanangu wamemfanya nini. Hilo sikulipanga. Nimemsikiliza mpaka akachoka. Nimesema pole mama.

Baba Zuhura hajasema nami tangu jana. Anakula, ananawa, anatoka.

Jumanne, 19 Agosti

Hamisi amelirudisha Kobe. Lilimwishia mafuta barabara kubwa, amelisukuma peke yake, juani, watu wanamtazama. Hakuvaa ovaroli. Ameweka ufunguo juu ya cherehani. Hakukaa.

"Ungeniambia tu, shemeji. Neno moja."

"Ulisema umelitengeneza wewe."

Akaenda. Amekonda siku hizi mbili tatu. Nimejaribu kumwonea huruma, haikuja.

Ijumaa, 22 Agosti

Furaha imekwisha. Nilidhani itanikalia mwezi.

Leo nimeitazama video mpya kwa makini na nimegundua jambo. Hawanitaji. Kichwa cha habari ni mbunifu aumbuka. Mimi ni yule mama wa sukari, wamenifanya kichekesho, wananitumiana. Huko chini wanabishana Kobe alilitengeneza nani. Wengine wanasema liliagizwa. Wengine wanasema Wachina. Kila mtu duniani isipokuwa mimi. Nimemvua Hamisi jina, na jina halikuja kwangu. Limebaki linaning'inia.

Banda Mzee Nassor amelipangisha kwa wauza saruji. Nilijua itakuwa hivyo. Imeniuma vilevile.

Jioni Maiko amekuja na mkokoteni. Ameleta zile mbavu mbili, Mzee alisema ziondolewe uani kwake. Ameziegemeza ukutani kwangu. Nyekundu, zimenyooka, nzuri, zote za kulia. Akasema, "Nilikata alivyosema." Nikasema najua. Tulikunywa chai. Safari hii alimimina yeye.

Jumatano, 27 Agosti

Nimepeleka sare shuleni na Kobe, njia za ndani. Injini safi. Kwenye kona ya genge mama muuza mchicha akapaza sauti, "Gari la Hamisi hilooo!" Watoto wakalikimbilia wanaimba Hamisi, Hamisi.

Nilitaka kusimama nishuke nimpe mtu kofi, sijui nani. Nikapiga honi nikapita. Imeniuma kuliko siku ya kwanza. Sijasamehe. Hamisi sijamsamehe, mama wa mchicha sijamsamehe, na yule aliyesema gari la familia naye bado.

Doa la kiti halitoki. Nimetia limau, nimetia majivu.

Nimezipima zile mbavu. Kila mmoja unataka mwenzake wa kushoto. Hayo ni magari mawili. Baba Zuhura amenikuta nazipima. Akasimama na ndoo yake ya kuogea, akaangalia karatasi, akaangalia bati, akaangalia mikono yangu. Nadhani alikuwa hajawahi kuiangalia. Kisha akaenda kuoga.

Jumapili, 31 Agosti

Mawingu, upepo kidogo. Nashona gauni la ubatizo la mtoto wa mwalimu wa nyumba ya tatu. Kitambaa chepesi, pindo refu, linataka subira.

Baba Zuhura yuko nje tangu asubuhi anaosha Kobe. Sikumwomba. Namsikia anasugua, anamwaga, anasugua.

Akaja mtu getini, sauti siijui. Anauza mikate Yombo. Ana bajaji, bodi imeoza, injini nzima, anatafuta wa kumtengenezea kigari cha kubebea mikate. Akauliza, "Samahani mzee, hapa ndo kwa Hamisi?"

Nikatoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza.

Nikasikia kitambaa cha kuoshea kinakamuliwa. Kisha Baba Zuhura akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Hamisi haishi hapa. Gari hili katengeneza mke wangu. Yuko ndani, anashona."

Yule mtu akasema hana haraka, atasubiri.

Nimemwacha asubiri. Pindo lilikuwa halijaisha.